Krijna Aweka Birika Chini

Krijna Matthijsse alijulikana kisiwa kizima kwa mambo mawili: mikono iliyochambua vitunguu ghalani miaka thelathini na mmoja, na ulimi ambao hakuna aliyethubutu kuuchambua. Ukivaa kofia mbaya kanisani, utaambiwa mlangoni. Mahubiri yakirefuka, mchungaji naye ataambiwa, tena kabla hajavua joho. "Mimi sina unafiki," alikuwa akisema, nasi tuliitikia kwa vichwa, maana kwetu Zeeland, huku kusini, mtu akikupasulia ukweli usoni tunamhesabu kuwa mcha Mungu. Tusidanganyane, tulikuwa tunamwogopa.

Mwanawe wa pekee, Wisse, alioa msichana wa kaskazini, wa Friesland, jina lake Tjitske, mpole asiyepandisha sauti. Walipopata binti, kila mtu alitarajia mtoto aitwe Krijna, jina la bibi yake. Wakamwita Hiske, jina la bibi wa upande wa pili. Krijna hakusema kitu, na afadhali angesema. Kinyongo kilikaa moyoni mpaka siku ya ubatizo. Sebule imejaa watu, Tjitske anapitisha keki aliyoioka mwenyewe, mama yake mzazi ameketi pale pale. Krijna akaonja, akaweka uma chini, akasema kwa sauti yake ya ghalani: "Keki kama hii kwetu tunawapa kuku. Lakini wenzetu huko ndiyo waliyoizoea."

Baadhi yetu tulicheka, Mungu atusamehe. Tjitske alikusanya visahani, akavipeleka jikoni, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ya mama mkwe wake. Ikapita miaka miwili na nusu. Wisse alikuja peke yake, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayemsubiri daktari, anaondoka. Krijna naye mjukuu wake alimwona kwa mbali tu, Jumapili, benchi la upande wa pili.

Januari Wisse akaleta habari. Wamepata shamba la ng'ombe huko kwa wakwe zake, na Pasaka watahama.

"Wakihama hivi hivi, mtoto hatanijua," Krijna alimwambia mumewe.

"Atakujua," alijibu Leendert. "Atahadithiwa habari za kuku."

Leendert alikuwa mtu wa maneno machache. Kila siku baada ya chakula alisoma sura moja ya Biblia mezani, kwa mpangilio, bila kuruka hata orodha za majina. Juma hilo alikuwa amefika kwenye barua ya Paulo, pale anapotaka maneno ya Mkristo yawe na neema, yakolee chumvi.

"Chumvi nadhani sijapungukiwa," alisema Krijna.

"Chumvi unayo ya kutosha kijiji kizima," alisema Leendert akifunga kitabu. "Chakula chenyewe ndicho nisichokiona."

Siku nyingine angejibiwa akome. Siku hiyo Krijna aliosha vyombo mara mbili. Ilimuuma sana. Alizoea kupasua, kupasuliwa hakukuzoea.

Februari Leendert akatimiza miaka sitini na mitano. Siku ya kuzaliwa viti hupangwa duara, na anayeingia humpa mkono kila aliyeketi na kumpongeza: hongera kwa kaka yako, hongera kwa mjomba wako, hongera kwa jirani yako. Ukimruka mmoja umemtukana, na wote wameona. Wisse alikuwa ameshasema kwamba Tjitske atakuja nusu saa, kwa ajili ya baba tu.

Krijna alishajipangia. Wakiingia, yeye atakuwa jikoni, maana mwenye birika la kahawa mkononi hakuna anayemlaumu.

"Wifi, leo mkweo utamwambia nini?" aliuliza Pieternella, dada yake Leendert, ambaye ugomvi wa watu ulimnenepesha.

"Nitamuuliza kama anatia sukari."

"Mkaribishe na keki basi."

Watu wakacheka. Krijna akaenda zake jikoni.

Tjitske aliingia amemshika mtoto mkono, akaanzia mlangoni. Mkono, hongera. Mkono, hongera. Shingo imemwiva kwa aibu, lakini hakumruka mtu, hata Pieternella. Krijna alimchungulia kutoka mlango wa jikoni. Alimwona akimpongeza Leendert, kisha akifika kwenye kiti kilichofuata, kiti kitupu cha mama mwenye nyumba, na hapo akasimama. Mkono tayari ulikuwa umenyooka. Alikuja kuutoa, na hapakuwa na wa kuupokea.

Ndipo Krijna alipoelewa nani hasa alikuwa akimruka mwenzake. Akaweka birika chini, akaingia katikati ya duara, akaushika ule mkono.

"Hongera kwa baba mkwe wako, Tjitske. Ngoja, sijamaliza. Siku ya ubatizo nilikutukana mbele ya mama yako na mbele ya watu hawa hawa. Keki ilikuwa nzuri. Nilikuwa na wivu wa jina, nikaumwagia kwenye keki yako, kisha nikajisifu kuwa nasema kweli. Nilisema uongo. Nisamehe, mwanangu."

"Wifi, kahawa inapoa," alisema Pieternella.

"Itanyweka baridi, wifi."

"Nilikuwa nimekutungia majibu," alisema Tjitske. "Makali kweli."

"Yaseme. Nimeyastahili."

"Yamenipotea." Akafuta macho kwa kiganja. "Lakini mama yangu naye alisikia siku ile."

"Pasaka nitapanda treni nimfuate. Nitamwambia mbele ya watu wake."

"Basi utafikia kwetu. Hongera kwa mume wako, mama," alisema Tjitske, akambusu mashavu mara tatu kama ilivyo desturi.

Hiske, aliyekuwa amewaangalia wakubwa wote kwa makini, naye akanyoosha mkono wake mdogo. "Hongera," alimwambia bibi yake.

Krijna alipiga magoti juu ya zulia akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, analia waziwazi mbele ya viti kumi na vinne. Leendert akainuka, siku yake mwenyewe, akamwinamia mkewe na kumpa mkono.

"Hongera kwa mkweo," alisema, na duara zima likasimama kupanga foleni nyuma yake.