Mswala wa Dada Ndani ya Boti

Idi iliyopita nilimvusha dada yangu kutoka Kilwa Kisiwani kuja kwetu Masoko, akafika amelowa hadi magotini. Doti yake mpya ya kanga ilikuwa imejaa maji ya chumvi, na visheti alivyotuandalia vilikuwa vinaelea miguuni pake.

"Mumeo kanichemsha kwenye sufuria lake," alimwambia mke wangu aliposhuka. "Mimi si muhogo."

Sufuria ndilo jina ambalo watu waliipa boti yangu, kwa kuwa ni ya alumini. Niliachiwa na watu wa mradi mmoja wa uvuvi walipofunga kazi zao, ikiwa kuukuu tayari, nami nikashukuru, maana kila Alhamisi navuka kwenda kusomesha Qur'ani kisiwani. Nikaitunza kama marehemu baba alivyotunza chombo chake cha mbao. Nilipoona inavuja kidogo, niliipaka deheni chini, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta. Niliipaka kwa Bismillahi, tabaka nene, kisha nikarudi nyuma kuitazama kwa raha. Ikazidi kuvuja. Nikaongeza deheni.

Mwaka huu binti yetu wa mwisho akaposwa. Dada ndiye aliyemlea miaka ile mke wangu alipougua, kwa hiyo binti akasema siku ya ndoa isipangwe mpaka shangazi yake akubali kuja. Nikapanda chombo cha nauli kwenda kumwomba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na sufuria?"

"Hapana."

"Basi kaa, sema."

Nikamweleza. Alifurahi, nilimwona, ila hakulegea. "Shangazi wa bibi harusi hufuatwa na baba mtu, hapandi chombo cha nauli kama mgeni. Njoo na boti yako. Nitatandika mswala wangu chini. Mswala ukilowa, unanirudisha, na binti mtamwoza bila mimi."

Namjua dada yangu tangu utotoni. Hakuwa anatania.

Niliporudi nilimwita fundi wa masufuria, mtu wa rika langu. Alikwangua deheni kwa kisu, na chini yake bati lilikuwa limechimbika, lina vitundu kama chujio.

"Shehe, nani kapaka chokaa hapa?"

"Mimi."

"Chokaa inakula alumini. Ulikuwa unailisha boti yako sumu."

Mke wangu alikuwa ametuletea chai. Alicheka mpaka birika likamtikisika mkononi. "Ungeniuliza mimi! Huoni sufuria linavyokuwa jeusi nikitia magadi kwenye maharage? Miaka yote hiyo wewe unakula tu."

Nikamwomba Mola msamaha, nikawaomba na wao. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kwamba asiyejua aulize, na mimi sikuuliza.

Kazi ilituchukua siku nne. Tulikwangua deheni yote, tukaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tukaipandisha boti juu ya magogo na kuijaza maji ndani. Kila tone lilipotokea chini, nilizungushia duara kwa chaki ya madrasa. Nilipomaliza, tumbo la boti lilikuwa limejaa maandishi kuliko ubao wangu. Tukamwaga maji, tukaiacha ikauke vizuri. Ribiti, zile pini zinazoshikanisha mabati, fundi alizigonga zilizolegea zikakaza. Vitundu alivisugua kwa msasa, akaviziba kwa gundi ile ya kuchanganya tyubu mbili. Karibu na mkia palikuwa pameliwa sana, panahitaji kiraka. Mke wangu akaingia ndani, akatoka na mfuniko wa sufuria lake la pilau lililotoboka zamani.

"Kateni huu. Si wanaiita sufuria? Basi iwe sufuria kweli."

Nilileta skrubu za chuma, fundi akazikataa; alisema chuma kikikutana na alumini kwenye chumvi, alumini huliwa tena. Akafunga kiraka kwa ribiti za alumini. Gundi ilipokauka tuliijaza boti maji tena, tukaingoja kutoka Alasiri hadi Magharibi. Halikudondoka hata tone. Nilisujudu palepale mchangani.

Asubuhi yake nilivuka. Dada alikuja na mswala kwapani, akaingia majini, akakataa mkono wangu. Akapanda, akatandika, akasimama juu yake kidogo, kisha akakaa. Njia nzima alikuwa anaupapasa. Tulipofika katikati akasema, "Pamelowa!"

Nikapunguza mwendo. Akasogea pembeni, tukatazama wote wawili. Palikuwa na alama mbili za maji, kila moja na vidole vyake vitano. Alikuwa amepanda na miguu iliyotoka baharini. Akaunyanyua mswala, chini yake boti ilikuwa kavu.

Alinitazama, kisha akatazama mbali. "Haya, angalia mbele uendeshe."

Pwani ya Masoko mke wangu alikuwa anatungoja. "Umelowa, wifi?"

"Nyayo tu," dada akajibu, akimpa mswala auanike. "Pangeni siku."