Nilipokuwa Mama wa Vifaranga

Harufu ya vifaranga haijabadilika. Mwanangu alipowaleta ndani ya kartoni na kuwaweka garajini chini ya taa ya joto, nyumba yetu ya hapa Saint Paul ikanuka vumbi la chenga za mahindi na manyoya machanga, ile harufu ya kitu kinachopumua haraka haraka. Nilikuwa nimetoka nyuma ya nyumba kutengeneza matuta ya lengalenga, mchicha wetu, theluji imebaki kidogo tu kivulini. Nikasimama pale na buti zangu za matope, jembe mkononi, nikawa mtoto wa miaka saba.

Mimi sikusoma sana, lakini kuku nawajua. Mjukuu wangu Neema aliponiuliza mama yao yuko wapi, nilimwambia hapa Amerika kuku wanaanguliwa na mashine na kulelewa na taa. Kwetu Fizi, kule Kongo, taa ilikuwa mimi.

Niwasimulie na ninyi kama nilivyomsimulia yeye. Kuku wetu mwekundu alikuwa ndiyo kwanza ameangua. Asubuhi moja nikakuta manyoya yake yametapakaa njiani, mwenyewe hayupo.

"Mwewe kamchukua," mama akasema, kwa sauti isiyotaka maswali. Akaweka vifaranga kwenye kikapu chenye kitenge chakavu, akanikalisha jikoni karibu na mafiga. "Sasa mama yao ni wewe. Ukitoka tu, baridi itawaua."

Nikakaa. Nilipasha mawe motoni, nikayafunga matambara, nikawawekea ubavuni. Niliwatafunia mahindi. Nilijifunza kulia kama kuku, nao wakaitika, wakanipanda mabegani, wakaninyea kichwani. Nje nilisikia ndugu zangu wakienda mtoni, wakirudi wakicheka. Binti wa mjomba akaolewa kijiji cha pili. Wakaenda wakala wali, mimi nikaletewa ukoko. Mama naye hakwenda, ila hilo sikulihesabu. Nililia nikaomba niende hata kwa jirani tu, kwa rafiki yangu Furaha. Mama akakaa mlangoni, akakataa.

Hakufa kifaranga hata mmoja. Lakini moyoni nilibaki na kitu kigumu: wenzangu ni watoto wa mama, mimi ni wa kuku. Niliolewa nacho kitu hicho. Nilikimbia vita nacho. Nilipanda ndege nacho.

Sasa, Jumamosi moja, dada yangu mkubwa, Yaya Zawadi, akaja kutoka Apple Valley na miche ya nyanya kwenye vikopo. Akanikuta garajini najigamba kwa Neema, nalia kama kuku kwa mbwembwe zote. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee mzima, bado unaamini ile habari ya mwewe?"

"Kwani ilikuwa nini?"

"Mwewe gani! Kuku alikuwa kwa shangazi ng'ambo ya kijito, anakula na kunenepa. Mama alimnyonyoa manyoya kidogo, akayamwaga njiani. Aliyembeba ni mimi, na alinidonoa vizuri!"

Nikamwambia asinitungie uongo mbele ya mtoto. Hapo akaacha kucheka, akaweka vikopo chini.

"Surua, mdogo wangu. Ilikuwa imeingia kwa kina Furaha. Sisi wakubwa tulikwisha kuiugua. Ulibaki wewe, na wewe ulikuwa na miguu ya mbuzi. Mama akasema, huyu nikimkataza kwa maneno atatoroka, bora nimpe kazi."

"Na hamkuniambia miaka yote hii?"

"Ulivyokuwa unaringa na vile vifaranga vyako! Tukuharibie?"

Nikatafuta ndoo nikaikalia. Kwamba Furaha alikufa mwaka ule, nilijua. Nilipotoka jikoni alikuwa keshazikwa, wakaniambia ni homa. Lakini kifo hicho na vifaranga vyangu sikuwahi kuviweka pamoja. Neema akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nalia. Nikamwambia ndiyo, na nacheka pia, aniache kidogo. Kifua kilikuwa kimeachia. Hata pumzi niliiona inaingia mbali zaidi.

Mama yangu alimnyonyoa kuku akiwa hai. Aliikosa harusi ya binti wa kaka yake. Kila siku alinitazama nikimnunia, akaniacha ninune, kwa sababu mtoto mwenye kinyongo bado ni mtoto aliye hai. Angenieleza, ningekwenda tu kumchungulia Furaha, maana ndivyo nilivyokuwa. Nimezaa, nimezeeka, nikidhani nilipendwa kidogo kuliko wenzangu. Kumbe mimi nilipendwa kwa hila, na ndiyo maana nipo.