Kofia Mbele ya Taa

Saa mbili na dakika tano usiku umeme ulikatika mtaani kwetu, hapa Goma, na jirani akawasha jenereta. Harufu ya esansi, yaani petroli, iliingia dirishani, na nyuma yake sauti ya televisheni: mtangazaji alisema mchezo wa polisi unaofuata una mauaji, watoto wasiutazame. Wanangu wawili, waliokuwa wamekwenda kwa jirani, wakarudishwa. Walinung'unika. Mimi nilikasirika kuliko wao, ingawa jirani hakuwa na kosa.

Harufu hiyo naijua tangu Muheto, huko Masisi, miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana mdogo, nimeanza tu kusoma. Ajenti, mzungu aliyekagua mashamba ya lazima tuliyolimishwa na serikali, alifika na kamioneti iliyobeba injini na mashine ya sinema. Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa hangari ya kahawa. Tulikaa chini, wakubwa na wadogo, nyasi zikiwa zimelowa ukungu, injini ikikohoa na kutoa moshi uliotuwasha macho. Filamu haikuwa na sauti, kwa hiyo Karani Leonardi, mtu wetu aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi, alisimama kando kutueleza.

Tulimwona mzungu mwenye koti refu akiingia katika duka la saa. Mwenye duka, mzee mwenye miwani, aliinua kichwa. Hapo Ajenti akavua kofia yake ngumu nyeupe na kuiweka mbele ya taa ya mashine. Shuka likawa giza. Alipoiondoa, mwenye koti alikuwa anakimbia, polisi nyuma yake. Kofia ikarudi, ikaondoka. Sasa mtu yuleyule alikuwa gerezani, ameshika vyuma.

"Alifanya nini?" watu waliulizana.

"Labda hakulima shamba ya lazima," alisema Mama Furaha, jirani yetu.

"Muzungu naye analimaka?"

"Basi njo kodi. Hakulipa kodi."

Watu walicheka, lakini walikubali. Hiyo ndiyo jela tuliyoijua sisi: mtu alifungwa kwa magugu, au kwa kodi. Wengine walianza kumhurumia yule mzungu.

Papa, baba yangu, hakucheka. Alikuwa mtu wa kutaka kila jambo lianze mwanzo lifike mwisho, hata hadithi ya mbuzi aliyepotea. Alisimama.

"Karani, ile kipande mulificha, iko na nini?"

"Papa Bauma, ikaa. Bwana anasema haiko ya batoto."

"Ni sawa. Batoto baende kulala. Sisi bakubwa tubakie."

Leonardi alimtazama Ajenti, kisha akaangalia chini. "Hapa hakuna mukubwa, Papa. Kwa sinema, mote muko batoto."

"Miye? Niko na batoto sita! Mukubwa wao anakaribia kuoa!"

Papa alitembea polepole hadi mbele ya shuka na kusimama katikati ya mwanga. Kivuli chake kilifunika ukuta wa hangari mpaka paa. "Kama hatuone," alisema, "basi hakuna mwenye ataona." Watu walipiga makofi. Mama Furaha alipiga vigelegele kama yuko arusini. Nami nilidhani Papa amekuwa mrefu kweli, na kwamba atabaki hivyo.

Ajenti alizima injini.

Asubuhi ngoma ilituita kwenye uwanja wa bendera. Tuliitwa wote, na sisi wadogo tukapangwa mstari wa mbele. Papa alilazwa kifudifudi, kaptula ikashushwa, na askari akachukua fimbo ya ngozi ya kiboko. Sikuwa nimewahi kuuona mwili wa Papa. Katika nyumba yetu mtoto haoni utupu wa baba yake. Mama alikuwa akitutoa nje hata alipokuwa anaoga.

Niliziba macho. Nilisikia viatu vikija, kisha mkono wa Leonardi ukauvuta wangu chini.

"Toa mukono, mutoto. Bwana anasema muangalie. Iko musomo."

Sauti yake ilitetemeka. Hilo nalikumbuka, na bado sijamsamehe.

Papa hakulia. Lakini tangu siku ile hakututazama usoni tulipokuwa tunakula. Aligeuza kiti chake, akala ameelekea ukutani, mpaka alipokufa.

Baada ya uhuru niliiona filamu ileile hapa mjini, nzima. Sehemu ya duka ilipokaribia, nilishika kiti kwa nguvu. Mwenye koti anampiga mzee risasi moja, anabeba saa, anakimbia. Damu ni kidogo kuliko ya kuku wa Noeli. Kumbe hawakuwa wanaficha damu. Walificha kwamba mzungu anaweza kuwa mwizi na muuaji, na akafungwa kwa haki.

Wanangu bado walikuwa wananung'unika. Nikawaambia jirani amefanya vizuri, kwa sababu yeye anajua nani ni mtoto na nani ni mkubwa. Kisha nikafunga dirisha, harufu isiendelee kuingia.

Kofia ya kuficha yasiyo ya watoto walikuwa nayo. Asubuhi ile ya fimbo Ajenti alisimama karibu nami kabisa, uso wake mtulivu kama wa mtu aliye kanisani, na kofia ilikuwa kichwani kwake.