Kioo Badala ya Blanketi

Mama yangu hakuwa mtu wa kununua ovyo. Akienda kununua chumvi, analeta chumvi, basi. Ndiyo maana hata leo, na uzee huu, najiuliza kilimpata nini siku ile Bukoba mjini, enzi za Mwingereza, alipoingia dukani kununua blanketi akatoka na kioo.

Nilikuwa naye. Kioo kilikuwa kikubwa kama sinia, kimetundikwa ukutani. Mama alisimama mbele yake, lakini hakujitazama. Alikuwa akiwatazama watu waliopita barabarani nyuma ya mgongo wake. Akageuka kuhakikisha kwamba wapo kweli, kisha akakirudia kioo.

"Nipe hiki," akamwambia mwenye duka. Hata bei hakupatana, yeye aliyeweza kubishania mkungu wa ndizi mpaka muuzaji akaomba yaishe!

"Na blanketi, mama?" nikamuuliza njiani, tukirudi kijijini kwetu Kaagya.

"Wewe tembea."

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikitazama kile kioo akaguna. "Haya, usiku tutajifunika hiki?"

Mama alijuta, nilimwona. Asubuhi upepo wa ziwani ulipoingia, alisema atakirudisha dukani. Lakini Tata alishaanza kunyolea ndevu mbele yake, hasikii wala haambiliki. Akatafuta pa kukitundika, na mama akamwonyesha ukuta wa sebuleni unaotazamana na mlango wa chumba cha ndani.

Kwa mila ya kwetu, mama hakutazamana uso na mwanamume aliyemwoa binti yake. Mkwe akija, mama hukaa ndani, nyuma ya kizuizi cha matete, wakasalimiana kwa sauti tu. Dada yangu alikuwa ameolewa Muleba, na mama hakuwa ameuona uso wa mkwe huyo hata mara moja. Maneno ya watu yalikuwa yamemfikia: ati mkali, ati hajui kucheka. Dada akija peke yake, akiulizwa, anajibu "tuko salama" huku akiangalia chini. Jibu gani hilo kwa mzazi? Mama alikuwa akikonda kwa wasiwasi.

Basi siku moja wakaja wote wawili. Dada alipitiliza jikoni, nyuma ya nyumba. Mkwe akaketishwa sebuleni juu ya nyasi mbichi, akapewa kahawa ya kutafuna na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Tata akaanza habari za mibuni yake, na akianza hizo hamalizi leo. Mimi nilikuwa ndani na mama. Alikuwa ameketi karibu na mlango, pale kizuizi cha matete kilipoishia, macho kwenye kioo, na uso wote wa mkwe ulikuwa humo.

"Mama," nikamnong'oneza, "ukimwona kwenye kioo, si umemwona?"

"Mimi naangalia kioo changu. Kuna ubaya?"



Hapo mkwe akainua macho. Kioo hakina upendeleo. Kama mama alimwona yeye, naye alimwona mama. Nikajua amekwisha kutukanwa, atasimama aondoke, na dada yangu ataachwa kwa aibu yetu. Mama aliganda, mkono mdomoni.

Mkwe hakusimama. Aliinamisha macho, akaweka kibuyu chini, akavua kofia. Kisha, taratibu, akageuza uso kuelekea dirishani, mwanga ukamwangukia wote, akatulia hivyo hivyo, kijana tu jamani, mwenye mashavu ya kitoto na kidonda cha wembe kidevuni, akimwacha mama amtazame mpaka atosheke. Tata aliendelea na mibuni yake, hajui lolote.

Mama alitazama. Alitazama sana. Tangu dada aolewe, mama alikuwa akimsalimu mtu huyo kwa neno moja tu: mgeni. Sasa alifuta macho kwa upindo wa khanga, akasema kwa sauti kupitia kwenye matete:

"Karibu nyumbani, mwanangu."