Siku Tuliyolima Njia ya Hail

Siku ile tulikuwapo mimi, mdogo wangu wa kiume, mdogo wetu wa kike ambaye ndiye kitinda mimba, shangazi yetu, ami yetu wa nyumba ya jirani, na Mkenya aliyekuwa akiendesha kobe. Na mama alikuwapo, ingawa alikuwa bado hospitali, amefunikwa shuka, anatungoja tumfungulie njia.

Kobe ni kigari. Hoteli niliyofanyia kazi, kule Ghubra upande wa bahari, ilikuwa nacho cha kusukumia mchanga. Upepo ukijaza mchanga kwenye njia za wageni, Mkenya alishusha bapa la chuma lililofungwa mbele, akausukuma kando polepole. Kwa mwendo wake ule, sisi wa dobi tukakiita kobe.

Dobi niliingia baba alipofariki. Nilikuwa darasa la tisa. Mama hakujua kusoma, na wadogo zangu walikuwa wadogo kweli. Niliacha vitabu nikashika mashuka.

Kabla ya kuhamia mtaa wa Hail, katika nchi hii ya Waarabu tuliyoijia kutoka Unguja, tulikaa nyumba za watu: chumba cha uani kwa ndugu wa baba, kisha stoo ya jumba moja Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa matajiri, ambako mama alikuwa akipika. Kila tulipohama alitoka ameshika birika lake la kahawa, hageuki nyuma. Tulipopata kijumba chetu Hail, mwisho wa kichochoro, aliusimamia mlango akaupapasa ubao kama mtu anayechagua kitambaa. Alipoanza kuumwa akaniambia, "Mwanangu, umri wangu wote nimetoka milango ya watu. Siku yangu ikifika, nitoe mlango wangu."

Nikamwambia, "Inshallah, mama." Hakuniomba jambo jingine.

Alifariki alfajiri, siku ya pili ya mvua kubwa. Wadi, lile korongo kavu linalojaa maji siku za mvua, lilikuwa limeshuka kutoka milimani na kuacha tope, mchanga na mawe kwenye mdomo wa kichochoro chetu, kimo cha kifua. Nyumba yetu iko juu kidogo, ilisalimika, lakini gari lisingeweza kuifikia. Matrekta ya manispaa yalikuwa yakihangaika na barabara kubwa. Wanaume wa mtaa walichimba kwa makoleo tangu jua lilipotoka, wakapata upenyo wa kupita kuku.

Ami yetu alikuja amekunja kanzu hadi magotini. "Binti yangu," akasema, "tumwosheni msikitini. Mahali pazuri, maji yapo. Maiti hangoji."

Shangazi alikuwa juu ya jiwe, upande wa pili wa tope, nyumbani kwetu. "Nyumba anayo," akasema. "Mie nna miguu mibovu na nimepita. Kwa nini yeye aoshwe kwa watu?"

Mdogo wangu wa kiume alinitazama tu, kama alivyonitazama siku ya baba.

"Tungojeni kidogo," nilisema. Nikampigia simu Mkenya.

"Pole sana, dada," akasema. "Lori la kubebea kigari limekwama. Kesho asubuhi nitaongea na bosi, nije."

"Kesho?"

"Si marehemu atalala mochari kwanza? Watu wafike?"

"Kaka, sisi hatulazi maiti. Tunazika leo, baada ya Alasiri."

"Leo leo?"

"Leo leo."

"Kwetu saa hii tungekuwa tunachagua kamati ya mazishi," akasema, na hakuwa akicheka. "Basi ngoja."

Adhuhuri ilikuwa imepita tulipomwona. Alikuja juu ya kobe, kwenye barabara kubwa ambako kigari kile hakiruhusiwi, magari yakimpigia honi nyuma, tope limemjaa mpaka kidevuni. Nilimuuliza bosi amesemaje.

"Hayo ni ya kesho," akanijibu. "Tunalima wapi?"

Kitinda mimba wetu, macho yamemvimba, akainua uso. "Unalima? Utapanda nini?"

"Nyinyi wa Unguja mnasemaje?"

"Twasafisha njia."

"Mimi kwetu nimelima na ng'ombe. Hii ni kulima."

"Mwacheni alime," shangazi akasema kutoka jiweni. "Alime."

Mara ya kwanza aliliendea tope moja kwa moja, kama alivyozoea kuuendea mchanga. Kobe akapanda juu yake, magurudumu ya mbele yakaelea hewani. Akarudi nyuma, akashuka, akalitazama. Kisha akaanza kulimega kutoka ubavuni, vipande vyembamba, kama mtu akataye halua. Mdogo wangu alipakia mawe nyuma ya kigari ili kipate uzito. Magurudumu yalipozunguka bure, shangazi akatupa mkeka wa mama, ule wa kuanikia viungo, yakaushika na kusonga. Harufu ya iliki ilipanda kutoka kwenye tope, na ndipo mimi nilipolia.

Gari la hospitali liliingia kabla ya Alasiri. Tulimwosha mama uani kwake, mimi na shangazi. Akatolewa mlango wake.

Nilisimama kizingitini nikaona jeneza likipita juu ya mistari ya bapa, likakata kona. Nyumba ikawa na wanawake wengi na sikumwona hata mmoja. Baadaye Mkenya alirudi kutoka makaburini kuchukua kigari, akanikuta palepale.

"Hukwenda?"

"Sisi wanawake hatwendi makaburini."

"Kwetu mwanamke hufika mpaka kaburini, akatupa udongo kwa mkono wake. Mama yangu yuko mwisho wa barabara mbaya kuliko hii. Siku yake ikifika utakuja, dada. Tuzikane."

"Nitakuja."

"Na koleo."

"Na koleo."

Hoteli ilimrudisha kwao wiki ile ile, kwa kukitoa kigari bila ruhusa. Nilikwenda ofisini nikasema ni mimi niliyemwita, wanikate mshahara mimi. Mkubwa wao alinisikiliza mpaka mwisho, akasema karatasi imekwishatiwa saini. Nilipofika chumba cha wafanyakazi kitanda chake kilikuwa kimekunjwa. Namba aliyoniachia iliita miezi kadhaa, tukasalimiana, akaniambia mama yake ni mzima na barabara ni ile ile. Halafu siku moja haikuita tena.

Wadogo zangu wamekua. Kitinda mimba amesoma mpaka mwisho, yeye ndiye anayeniambia, "Dada, lile limekwisha, ungejuaje?" Lakini tuzikane si neno la mtu mmoja. Mkenya amefanya la kwake. Namuuliza kila Mkenya ninayekutana naye, wananiuliza jina la kijiji, na mimi kijiji sikuuliza. Najua tu kwamba kiko mwisho wa barabara mbaya.

Kama mama yake yu hai, Mungu amweke. Kama amekwenda, basi walimlaza wakangoja watu wote wafike, maana kwao maiti hungoja. Mimi sijafika.