Mayai ya Chatu Anayetikisa Kichwa

Sikupi hadithi ya kulazia watoto. Haya yalinikuta mimi, nyumbani kwangu Liuli, mchana kweupe, sina homa wala sijaonja pombe. Ukitaka kucheka cheka sasa, maana huko mbele sioni pa kuchekea.

Mdogo wangu Festo alirudi kutoka Afrika Kusini, alikokuwa akifanya kazi kwa mfuga nyoka. Wenzake hurudi na redio na mablanketi. Yeye alirudi na chatu wawili ndani ya foronya, dume na jike. Si hawa chatu wetu wa kumeza mbuzi. Hawa ni wafupi, wapole, watu wa mijini huwafuga sebuleni kama paka. Vibali alikuwa navyo? Usiniulize. Alianza kuwafugia Mbinga, lakini baridi ya kule iliwazubaisha wakawa hawali, ndipo akaniletea mimi huku ziwani kwenye joto. Ningefanyaje? Damu nzito kuliko maji. Nikampa chumba cha uani.

Yule jike alikuwa mzuri, niamini. Ngozi ya rangi ya asali, imechorwa mistari myembamba myeusi kama utando wa buibui. Ila kichwa hakikutulia. Kilipepesuka, kikazunguka, mara kimegeuka juu chini anatazama dari. Ukimpa panya anaruka anamkosa, anang'ata hewa, anarudia mpaka anachoka. Nikamwuliza Festo, huyu anaumwa?

"Dada, ndiyo damu yao," akasema. "Hiyo ngozi na huko kutikisika vinarithiwa pamoja. Huwezi kupata kimoja ukaacha kingine."

"Sasa kwa nini unamzalisha?"

"Kwa sababu ngozi ndiyo inayotakiwa."

Alisema hivyo hivyo, bila haya, huku anamenya chungwa.

Majirani nao wakanimaliza. Sisi hapa ni watu wa kanisa, kengele ikilia tupo. Lakini nyoka akiingia nyumbani kwa utulivu, wazee hawamuui. Humwekea unga kizingitini, maana huenda ni mahoka, wazee wetu waliokwisha kufa, wamekuja kutusalimia. Jirani yangu Bibi Agnesi alipomwona yule chatu anavyotikisa kichwa, akapiga magoti. "Huyu amepandisha," akasema. Alidhani ni roho imemshika, kama mtu anavyotikisika kwenye ngoma. Nikamweleza kuwa ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi, na tangu hapo kila siku akawa analeta unga.

Chatu akataga. Festo akayapanga mayai kwenye maranda yenye unyevu, ndani ya boksi la barafu la wauza samaki, akawasha taa ndogo ya kuyatia joto, kisha akapanda pikipiki kwenda Mbamba Bay kutafuta wateja. Mlinzi nikabaki mimi.

Hodi ikapigwa saa ya chakula. Alikuwa mama mmoja mfupi, mnene, amejifunga kitenge cha rangi ya asali, simfahamu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba huku uso umegeukia darini. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, kwa hiyo nikatenga ugali na usipa, dagaa wa ziwa letu. Akamega tonge, akalichovya, akalipeleka shavuni. Akajaribu tena, likaenda sikioni. Mchuzi ukamchirizika shingoni. Umewahi kumwona mtu mzima mwenye njaa, chakula kiko mkononi na hakifiki mdomoni? Machozi yalinitoka. Nikamlisha mwenyewe, nimemshika kidevu ili kitulie, na kidevu chenyewe kilikuwa cha baridi.

"Mama, ulianza lini kuumwa?"

"Sikuanza. Nilizaliwa hivi. Mama yangu hivi, na mama yake hivi."

"Na hakuna aliyewaona?"

"Walituona sana. Walipenda ngozi." Akanishika mkono. "Wanangu wako kwenye joto lako. Bado hawajaijua njaa. Zima."

Niligeuka kuchukua maji. Kugeuka tena, mkeka mtupu. Nikakimbilia chumba cha uani. Chatu alikuwa ndani ya tundu lake, komeo limefungwa kwa nje, kichwa kinazunguka. Shavuni alikuwa na mchuzi wa usipa. Niliugusa kwa kidole nikaunusa. Niseme nini zaidi?

Nikazima taa. Usidhani ilikuwa rahisi. Mimi nimezaa, na kuyapoza mayai ya mzazi mwingine si mchezo, hata kama mzazi mwenyewe ndiye aliyekuomba. Nililia, nikasali, kisha nikajilaza.

Nilipoamka, boksi halipo. Bibi Agnesi alikuja na unga wake, akakuta mayai ya mahoka yanapoa. Akalibeba kwake, akalifunika blanketi, akaliweka karibu na jiko, akampigia Festo simu. Nikamfuata mbio.

"Bibi, nakuomba, yaache yafe."

"Mwanangu, unataka tulaaniwe kijiji kizima?"

Ningemnyang'anya bibi wa umri ule? Festo akarudi akayachukua. Nilimsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo simnyimi, kisha akasema, "Dada, pumzika."

Mayai yakaanguliwa. Watoto wa rangi ya kawaida walitulia. Waliorithi ngozi ya mama yao, vichwa vilianza kuzunguka hata kabla hawajatoka vizuri kwenye ganda, na Bibi Agnesi akapiga vigelegele. Wale waliotulia hakuna mteja aliyewauliza. Waliotikisika waligombaniwa.

Mmoja tu alirudishwa, alitikisika kupita kiasi. Festo hamtaki, Bibi hataki auawe, na kumwachia porini ni kumpelekea nguchiro kitoweo. Ninaye mimi. Siku nyingine hukosa chakula chake mpaka najifungia jikoni nisione. Na wiki hii Festo amemwingiza tena jike kwa dume. Nimemsihi, nimenuna, nimemshitaki hadi kwa mchungaji. Wote wananiambia nipumzike. Siku hizi nikisikia hodi saa ya chakula, mdomo unakuwa mzito kusema karibu. Akiwa ni yule mama, nitamwambia nini?

Wewe unayewaona kwenye simu ukasifia rangi, kabla hujaagiza, mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Mtazame mpaka ashibe. Ukigeuza macho, yuko mama atakayekuja kula kwako, na siku hiyo utatazama upende usipende.