Pikipiki Iliyokataa Kuwaka Kasomeno

Shangazi yangu Mbuyi, dada mkubwa wa baba, anaishi Kasenga na ana ugonjwa wa presha ya macho. Dawa yake ya matone haipatikani huko, kwa hiyo mmoja wetu humpelekea kutoka Lubumbashi. Safari ile alipiga simu akasema chupa imekauka, na jicho la kushoto limeanza kuona ukungu. Kaka zangu walikuwa kazini. Mimi nafundisha umeme katika shule ya ufundi, shule ilikuwa imefungwa, na nilikuwa na pikipiki ya barabara mbovu, zile ndefu zenye matairi ya meno. Nikazungushia dawa kitambaa kibichi, nikaiweka ndani ya begi, nikamwambia mke wangu nitarudi kesho yake.

Kasapa, mtaani kwetu Lubumbashi, asubuhi. Wanafunzi walikuwa wakishuka kuelekea chuo kikuu huku wakitafuna mikate, na pikipiki iliwaka kwa mguso mmoja wa kitufe. Nasema hivyo kwa sababu tangu niinunue, mwaka mzima na zaidi, haikuwahi kunisumbua. Niliinunua kwa kijana mmoja katika uwanja wa mafundi, mtaa wa Kenya hapo hapo Lubumbashi. Sikuwa na neno juu yake.

Baada ya lami kwisha, vumbi jekundu likaanza. Malori ya makaa na mahindi yalikuwa yakija mbele yangu moja baada ya jingine, na kila lori lilipopita nilisimama kando nikifumba macho mpaka niuone tena mkono wangu. Barabara ilikuwa na mawimbi madogo magumu ambayo hutikisa meno mdomoni. Mahali pengine nilisimama kwenye vikanyagio kama mtu apandaye farasi, na bado mgongo uliniuma. Mtikisiko ule ndio ulioanzisha yote, ingawa sikujua.

Kasomeno, mchana. Hapo njia inagawanyika, moja yaenda Pweto na nyingine Kasenga, na biashara imejaa kwenye njia panda. Nikaizima pikipiki mbele ya malewa, mgahawa wa mama mmoja aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani. Jina lake Mama Zaina, mzaliwa wa familia ya Waislamu waliotoka Maniema zamani. Akaniletea bukari, yaani ugali, ya moto na samaki wa mto Luapula.

"Unaenda Kasenga?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Nampelekea shangazi dawa ya macho."

"Basi kula mbio, mutoto yangu. Macho haingojake."

Nikala haraka, nikanawa, nikapanda. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Hata ule mlio mdogo wa *tik* haukutoka.

Sikuogopa, kwa kuwa hiyo ni kazi yangu. Nikaiegesha kivulini mwa paa la malewa na kufungua begi la vifaa. Nikaanza na betri: mita ikaonyesha ina nguvu ya kutosha, na honi ililia vizuri. Fyuzi nzima. Nikaangalia nyaya za betri, zimekaza. Swichi ya klachi, ile inayozuia injini kuwaka gia ikiwa ndani, nikairuka kwa kipande cha waya. Kimya bado.

Wanaume wawili watatu waliokuwa wakinywa chai wakasogea kutazama. Nikachukua bisibisi, nikaunganisha vichwa viwili vinene vya rilei ya stata. Cheche zikaruka, na injini ikazunguka kwa nguvu. Lakini haikuwaka. Nikafungua buji, yaani plagi, nikaigusisha kwenye chuma cha injini na kuzungusha tena: hakuna cheche hata moja.

Hapo nikafurahi kidogo. Stata yenyewe nzima, betri nzima, lakini kitufe hakifanyi kazi na buji haipati moto. Mambo mawili hayafi kwa pamoja bila sababu. Lazima kuna waya mmoja unaolisha yote mawili, na huo ndio umekatika. Nikavua kiti, nikalegeza tangi, nikaanza kuufuata waya unaotoka kwenye ufunguo.

Chini ya tangi niliukuta umekatwa. Haukuwa umekatika kwa mtikisiko. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, kisha ukaunganishwa na nyaya nyingine mbili ngeni, zikafungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, kazi safi ya fundi. Nyaya hizo zilirudi nyuma chini ya kiti hadi pembeni mwa kisanduku cha vifaa. Hapo, mahali ambapo mkono hauwezi kufika bila kutafuta, palikuwa na swichi ndogo ya kuzungusha. Juu yake kilikaa kichwa cha plastiki chekundu chenye mstari mweupe.

Mwaka mzima nimekalia swichi ya siri ya kuzuia wezi, nami mwalimu wa umeme sijui! Mtikisiko wa barabara ulikuwa umeizungusha karibu kuzima, na mshtuko wa kuegesha ukaimalizia. Nikacheka kwa sauti, nikainua kichwa niwaonyeshe wale wanaume.

"Tazameni, iko swichi hapa! Mutu aliificha."

Mama Zaina alikuwa anapita na sahani. Akainama kutazama. Sahani zikamtoka mikononi, samaki wakamwagika kwenye vumbi, naye hakuziangalia. Akaingia ndani, akatoka na redio ya kaseti, ya zamani, nyekundu. Ilikuwa na vichwa viwili vya kuzungushia vyenye mstari mweupe. Mahali pa cha tatu palibaki msumari wa chuma mtupu.

"Ile njo kichwa ya redio yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ramazani alikitoa hapa, mbele ya macho yangu. Alisema, mama, bayibaji batashindwa kuiiba." Kisha akaigusa pikipiki kwa ncha ya kidole, akakivuta kidole haraka kama ameungua. "Lakini hii moto, hii pikipiki, iliungua. Niliiona. Ilibakia chuma tu."

Mmoja wa wanaume wale aliruka nyuma akitaja jina la Mungu. Mwingine akang'oa ufunguo wangu. Ndipo nikaelezwa, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Ramazani, mwana wa Mama Zaina, fundi wa redio na pikipiki, aliondoka siku moja, mwaka uliopita, kwenda Lubumbashi kununua vipuri. Siku hiyohiyo lori lilianguka barabarani na kushika moto. Kando yake walikuta pikipiki ndefu iliyoteketea, na kijana aliyeungua asitambulike, urefu wake ule ule. Simu ya Ramazani haikuita tena. Wakamsomea, wakamzika. Mkewe akakaa eda, ikaisha, akarudi kwao.

"Sasa weye," akasema yule mwenye ufunguo, "wapi ulipata moto ya mufu?"

Watu walikuwa wamekuwa wengi. Nilisikia neno "muuaji" likitoka nyuma, kwanza mdomoni mwa mmoja, kisha wengi. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi; nikaiinua waione. Nilijua kwamba nikikosea neno, sitafika Kasenga.

"Niliinunua Lubumbashi, mtaa wa Kenya. Kijana mwenyewe aliniuzia. Aliniambia ni yake."

"Bongo! Unadanganya!" akapaza sauti yule mwenye ufunguo.

Mama Zaina akanyanyua mkono, wakanyamaza. Akanikaribia mpaka nikaona jasho kwenye nyusi zake.

"Uyo kijana, alikuwa namna gani? Sema polepole."

"Mrefu. Mwembamba. Alitumia mkono wa kushoto." Nilikuwa nikitafuta katika kichwa changu kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Anacheka kwanza kabla ya kusema. Na hapa," nikashika shingo yangu chini ya sikio, "alikuwa na kovu kubwa la kuungua, limekunjamana."

Hakulia. Hakushukuru Mungu. Aliketi pale pale chini, kati ya sahani.

"Ni mafuta ya kukaangia mikate yangu," akasema. "Alikuwa mudogo, akavuta chungu." Mtu mmoja aliyekuwa amenishika shati kwa nyuma akaliachia. Kisha akainua uso, na nitaukumbuka uso ule siku zote. "Kama mutoto yangu iko muzima, basi nilizika mutoto ya nani?"

Nikafuta grisi kwenye suruali, nikatoa simu.

Nilipiga namba ya muuzaji iliyokuwa bado katika simu yangu, haikupatikana. Wanaume walitaka nizuiliwe mpaka polisi waje. Mama Zaina akainuka, akachukua ufunguo kutoka kwa yule mtu, akanipa.

"Shangazi yake anapofuka. Aende. Kesho atarudi, na mimi nitapanda nyuma yake."

Nikapuliza vumbi ndani ya swichi, nikakizungusha kile kichwa chekundu. Injini ikawaka mara moja. Mlio wake ulipotoka, mwanamke mmoja kwenye umati akapiga yowe na kufunika masikio.

Kasenga, jioni, mwanga wa jua ukiwa bado juu ya maji ya Luapula. Shangazi Mbuyi alinipokea kwa kunipapasa uso. Nilimtia matone mwenyewe, kwa sababu vidole vyangu vilihitaji kazi. Nilipomsimulia, akashika mkono wangu.

"Uyo mama, usimuache peke yake," akasema. "Mutu akifufuka, bantu banakimbilia kumuona. Habamuangalie ule alishamulilia."

Kesho yake asubuhi nilipofika Kasomeno, Mama Zaina alikuwa amesimama kando ya njia, amejifunga vitenge viwili, amevaa koti la mwanamume. Hakuwahi kupanda pikipiki ndefu namna ile. Njia nzima alinishika kiunoni kwa nguvu, hakuniachia ila mara moja. Tulipopita palipoungua lile lori, mahali penye majani mafupi na kioo kilichovunjika kando ya barabara, alinigonga begani nisimame. Alishuka, akatazama, akapanda tena.

Lubumbashi, mtaa wa Kenya, alasiri. Katika uwanja wa mafundi waliniambia kijana mwenye kovu aliwahi kwenda kuchimba kwenye migodi ya Kambove, akarudi, na sasa anachaji betri nyuma ya ukuta ule. Tukauzunguka ukuta. Alikuwa ameinama, anamimina maji katika betri ya lori. Akasikia pikipiki. Nadhani aliutambua mlio wake kabla ya kutuona, maana aliinuka akitabasamu kwanza. Kisha akamwona aliyekaa nyuma yangu.

Chupa ya maji ikaanguka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mama Zaina akamwendea, akalipindua sikio lake, akalitazama kovu, akalifuatisha lote kwa kidole mpaka mwisho. Hapo tu ndipo alipompiga kofi. Kisha akamkumbatia, na sauti iliyotoka kifuani mwake sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine.

"Nilienda Kambove, mama," Ramazani alikuwa akisema. "Niliuza moto na simu nipate kuanza kuchimba. Nilitaka nirudi na kitu. Shimo likaanguka, barafiki bakabakia ndani. Nilipotoka, mutu ya kwetu akaniona sokoni, akakimbia anapiga makelele: mufu tulizika! Njo vile nilisikia mulishanizika." Akafuta uso kwa mkono wa kushoto. "Nikajiambia, kama balishanizika tayari, basi nimekufa. Nilikuwa na haya ya kufufuka."

"Haya!" mama akasema. Akarudia neno hilo mara nyingi, kila mara kwa sauti nyingine, kana kwamba halijui.

Niliporudi nyumbani Kasapa, mke wangu aliniuliza kwa nini nimekaa kwenye ngazi na sivui viatu. Sikuweza kumweleza mpaka tulipokwisha kula.

Miezi imepita tangu hapo, na nimepeleka dawa tena. Ramazani amerudi Kasomeno, ana meza yake ya ufundi kando ya malewa. Pikipiki nilikataa kumrudishia, na yeye hata hivyo alisema asingeipokea. Tumebaki marafiki wa namna hiyo. Msikitini walitangaza habari za kijana aliyezikwa, na makanisani, na kwa madereva wa malori wote wapitao njia panda. Hadi leo hakuna aliyekuja kumuulizia.

Katika safari ile nilijifunza kwamba kufuata waya ni rahisi, kwa sababu waya una mwisho. Mara ya mwisho nilipopita, Ijumaa, sikumkuta Mama Zaina jikoni. Ramazani akanionyesha kwa kidole upande wa makaburi. Nilimkuta anang'oa majani juu ya kaburi, polepole, kama mtu anayemchana mtoto nywele. Nikamuuliza kama hachoki, maana huyu si wake.

"Mama yake iko pahali fulani, anamungojea kwa barabara," akajibu bila kugeuka. "Mimi najua vile inaumaka. Acha nimuangalilie, mupaka siku mama atafika."